Nani Asimame Mbele ya Watoto

Katika miaka ya 1920, mtambaji wa hadithi katika maktaba ya umma ya New York hakuruhusiwa kuwasimulia watoto kisa ambacho hakimo kitabuni. Sheria hiyo ilimkwaza Pura Belpré, binti wa Puerto Rico aliyeajiriwa mwaka 1921 katika tawi la Mtaa wa 135, Harlem. Alipekua rafu zote asikute hata ngano moja ya kwao. Zile alizozijua alizipata kwa bibi yake, na bibi hakuwahi kuchapisha kitu. Ilibidi apewe kibali maalumu ndipo aweze kutamba kisa cha Martina, mende mrembo, na Pérez, panya aliyemposa. Mwaka 1932 kisa hicho kikatoka kama kitabu, na tangu hapo mende na mchumba wake hawakuhitaji kibali cha mtu.

Siku hizi Wamarekani wakigombana juu ya nani anafaa kukaa mbele ya watoto maktabani, ugomvi unahusu wanaume wanaojipamba kike jukwaani, wenye wigi refu na gauni la kumetameta. Wengi hudhani mambo yalianzia San Francisco mwaka 2015. Wasanii hao ndio waliingia mwaka huo. Swali lenyewe lina umri wa saa ya hadithi.

Saa ya hadithi nayo si ya kale sana. Hadi karne ya 19 inakaribia kwisha, maktaba nyingi za Marekani hazikuwataka watoto hata kidogo. Mtoto alionekana ni kelele na mikono michafu. Mwaka 1896 chuo cha Pratt, Brooklyn, kilifungua chumba cha watoto chini ya mkutubi kijana aitwaye Anne Carroll Moore. Mwaka 1899 maktaba ya Carnegie mjini Pittsburgh ikaanza kuwakusanya watoto kwa hadithi. Moore alihamia maktaba ya umma ya New York mwaka 1906, na jumba kubwa la Mtaa wa 42 lilipofunguliwa mwaka 1911, chumba cha watoto kilikuwa himaya yake.

Utaratibu wake ulikuwa na harufu ya kanisani. Mtoto aliandika jina lake katika daftari kubwa na kuahidi kutunza vitabu. Mikono ilikaguliwa. Hadithi ilipotaka kuanza, mshumaa uliwashwa. Ilipokwisha, mtoto mmoja alichaguliwa auzime, na wote wakanuia jambo moyoni bila kulitamka. Msimulizi hakuvaa maleba wala hakurukaruka. Shule hiyo ya utambaji ilimtaka fanani ajifiche nyuma ya hadithi yake. Mwalimu wao mkuu alikuwa Mwingereza Marie Shedlock, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1915 juu ya sanaa hiyo aliorodhesha hatari zinazomkabili msimulizi, mojawapo ikiwa ni kuwakatiza watoto kwa maswali ili washiriki. Kwa kipimo hicho bibi wa Lamu au Pangani, ambaye haanzi mpaka hadhira imwitikie, angefeli mtihani asubuhi na mapema.

Tusimcheke Moore haraka. Alilinda kitu cha thamani, na bila ukali wake huenda vyumba hivyo visingekuwapo. Lakini mlinzi wa mlango huzoea ufunguo. Kitabu cha picha *Goodnight Moon*, kilichotoka mwaka 1947 na ambacho leo karibu kila mtoto wa Kimarekani hulazwa nacho, hakikununuliwa na maktaba ya New York hadi mwaka 1972, kwa kuwa ladha ya Moore iliendelea kutawala pale hata baada ya yeye kustaafu. Hakuna aliyesema kitabu hicho kina uchafu. Hakikuwa cha aina yao, basi.

Kulikuwa na mlango mwingine ambao haukuhusu ladha. Kusini mwa nchi, watoto weusi hawakuingia kabisa katika maktaba za wazungu, seuze kusikiliza hadithi humo. Louisville, Kentucky, ilifungua tawi la watu weusi mwaka 1905 likiongozwa na Thomas Fountain Blue, na saa ya hadithi ya pale ilishika kasi kiasi kwamba mwaka 1913 mshairi na mwalimu Joseph Cotter alianzisha shindano la kusimulia lenye kikombe chake. Ilikuwa fahari ya watu waliofungiwa nje wakajijengea ndani kwao. New York haikuwa na kibao cha ubaguzi mlangoni, ila Augusta Baker alipoanza kazi Harlem mwaka 1937 alikuta vitabu vinavyomchora mtoto mweusi kama kinyago cha kuchekwa. Alianza kukusanya vilivyo bora, na mwaka 1939 mkusanyo wake ukazinduliwa. Mwaka 1953 alifanywa mtaalamu wa utambaji wa maktaba nzima, na mwaka 1961 akakabidhiwa huduma zote za watoto, kiti kilichotokana na kile cha Moore. Mshumaa hakuutupa.

Wakati huohuo Virginia walikuwa wanang'oa viti. Mahakama ilipoiamuru maktaba ya Danville iwapokee watu weusi mwaka 1960, mji uliona heri kuifunga. Ilipofunguliwa tena mwezi Septemba, meza na viti vilikuwa vimeondolewa, ili mweusi na mweupe wasije wakaketi pamoja. Ukitaka kitabu, chukua uende zako. Sisi nasi tunalifahamu jambo hilo kwa njia yetu: McMillan Memorial ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa mchango wa fedha za Carnegie zilezile zilizojenga maktaba ya Pittsburgh, ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka mwaka 1958.

Kanuni inayoongoza ugomvi wa leo iliandikwa katikati ya hayo yote. Mwaka 1939 Chama cha Maktaba cha Marekani kilipitisha hati ya haki za maktaba, na ndani yake kikasema kumbi za mikutano zitolewe kwa masharti sawa kwa makundi yote ya jamii, bila kujali imani yao. Mwaka 1967 umri nao ukaongezwa: asinyimwe mtu haki ya kutumia maktaba kwa sababu ni mdogo. Hati hiyo si sheria ya nchi. Mahakama, hata hivyo, zilifika karibu na hapo kwa kupitia Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema. Mwaka 1989 kundi la wanawake Wakristo wenye msimamo wa kihafidhina lilishinda kesi dhidi ya maktaba ya Oxford, Mississippi, iliyowanyima ukumbi kwa sababu walitaka kusali na kuzungumzia siasa. Mahakama ya rufaa ilisema ukumbi ukishafunguliwa kwa wengine, hawa hawawezi kufungiwa kwa ajili ya wanayoyasema. Wahafidhina walishangilia. Miaka 30 baadaye hoja hiyohiyo ingewatumikia watu ambao kina mama wale hawakuwaota hata usingizini.

Mwandishi Michelle Tea wa San Francisco alikuwa amepata mtoto, akawa anampeleka kwenye shughuli za maktaba na kuona hazina mahali pa familia kama yake. Mwaka 2015, kupitia shirika la sanaa aliloliongoza, alianzisha Drag Queen Story Hour katika mtaa wa Castro. Jambo lenyewe ukilitazama karibu ni dogo: msanii mwenye kope za bandia anakaa kitini, anasoma vitabu vya picha viwili au vitatu, wanaimba wimbo wenye vitendo, kisha watoto wanakata na kubandika karatasi za rangi. Wazazi wako nyuma na simu zao. Mpango ukaenea New York, Los Angeles na miji mingine, kisha ukavuka bahari hadi Uingereza.

Uingereza, kwa kweli, haikuwa na sababu ya kushtuka. Mwanamume aliyevaa kike ni nguzo ya tamthilia za Krismasi za watoto kule. Dan Leno, mchekeshaji aliyependwa kuliko wote zama zake, aliwachekesha watoto wa London akiwa Mother Goose mwaka 1902, na familia bora zililipia tiketi. Wapinzani hawakosi jibu, na jibu lao lina uzito. Wanasema Leno alitoka kwenye jumba la vichekesho, lakini sanaa hii imekulia katika vilabu vya usiku, ina mizaha ya chumbani, na hakuna sababu ya kodi ya wote kuipeleka kwa mtoto wa miaka minne. Watetezi wanajibu kwamba mchekeshaji wa kilabuni akija kusoma kwa watoto huacha mizaha yake nyumbani, kama afanyavyo mwanamuziki wa baa anayeimba kwenye kipaimara. Na mtoto anayekwenda amepelekwa na mzazi wake.

Mwaka 2019 tangazo la usomaji wa namna hiyo katika maktaba ya Sacramento liliwagawa wahafidhina wenyewe. Mwandishi Sohrab Ahmari alitaka dola itumike kuwazuia wasanii hao. David French, mwanasheria Mkristo, alimjibu kwamba kanuni inayomfungulia msanii huyo ukumbi ndiyo inayoyafungulia makanisa, na ukiikata moja umeikata nyingine. Mfano ulijileta. Kirk Cameron, mwigizaji wa zamani wa televisheni, alitoa kitabu cha watoto chenye mafundisho ya Kikristo mwaka 2022, na maktaba kadhaa zilizokuwa zimewakaribisha wasanii wa wigi zikakataa kumpangia siku. Hapo zilijiumbua. Desemba 29 mwaka huo alisoma Indianapolis, katika ukumbi wa maktaba ya umma, mbele ya umati uliofurika.

Kuna visa viwili ambavyo kila upande huvitaja kwa manufaa yake, na pande zote mbili huviruka haraka mno. Machi 2019 maktaba ya Houston ilikiri kwamba mmoja wa waliosoma mbele ya watoto alikuwa na hukumu ya zamani ya kumdhulumu mtoto kingono. Maktaba ilikuwa na utaratibu wa kuchunguza historia za watumbuizaji, kwake haukufuatwa. Julai 2021 halmashauri ya Redbridge, mashariki mwa London, iliomba radhi baada ya mtumbuizaji kutokea kwenye shughuli ya maktaba ya kuhamasisha usomaji akiwa amevaa vazi la nyani lenye viungo vya siri vya bandia vya kuning'inia. Huyo hakuwa sehemu ya mpango wa Michelle Tea. Alikuja na kundi la sanaa za mitaani, na inaonekana hakuna mkutubi aliyeomba kuliona vazi kabla ya siku yenyewe.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la kiofisi lisilo na mvuto wa magazeti. Belpré alihojiwa kuhusu mende wake kuliko nyani wa Redbridge alivyohojiwa kuhusu mavazi yake. Kizazi cha Moore kilizidisha uchaguzi mpaka ukawa ubaguzi wa ladha; kizazi hiki, mahali pengine, kimeagiza watumbuizaji kama anayeagiza viti vya harusi. Kuuliza mtu ni nani, atasoma nini, atavaa nini, kwa watoto wa umri gani, ni kazi ya mkutubi. Isipofanywa na mkutubi, wako wengi wa kuifanya kwa fujo.

Juni 11, 2022, wanaume wa Proud Boys, kundi la mrengo mkali wa kulia, waliingia katika maktaba ya San Lorenzo, California, watoto wakiwa wameketi, wakaanza kumtukana msomaji. Msanii ilibidi atolewe na kufichwa. Polisi wa kaunti walifungua uchunguzi wa uhalifu wa chuki.

Kisha wakaja watunga sheria. Machi 2023 gavana Bill Lee wa Tennessee alisaini sheria ya kuzuia maonyesho ya aina hiyo mbele ya watoto, na Juni 2 jaji Thomas Parker, aliyeteuliwa na Donald Trump, akaifuta kwa kuwa imeandikwa kwa upana na utata. Montana ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya Mei 2023 ilitaja waziwazi usomaji wa vitabu kwa watoto katika shule na maktaba za umma. Muda mfupi tu baadaye maktaba ya Butte ilighairi mhadhara wa historia ya jinsia katika jamii za wenyeji asilia, kwa kuwa mtoa mada aliishi kama mwanamke ilhali alizaliwa mwanamume, na wanasheria wa kaunti waliogopa sheria mpya. Hapakuwa na wigi wala kitabu cha picha. Julai jaji Brian Morris aliisimamisha sheria hiyo kwa muda.

Tennessee nayo haikuishia kwa Parker. Julai 2024 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi wake, si kwa sababu sheria ilionekana nzuri au mbaya, bali kwa kuwa kikundi cha maigizo kilichofungua kesi hakikuthibitisha kuwa kingeguswa nayo. Juu ya watoto na wasanii mahakama haikusema lolote.