Jinsi chuma na mbao zinavyoamua mlio wa piano

WATU wengi wanaponunua piano kubwa ya mlalo iliyotumika hukagua vitufe na rangi, kisha wakalipa. Ni wachache wanaofunua kifuniko na kukagua fremu ya chuma iliyo chini ya nyuzi, ilhali ndiyo inayoweza kuwatia hasara.

Piano ya tamasha ina nyuzi zipatazo 230, na jumla ya mvutano wake hukaribia tani 20. Piano za Bartolomeo Cristofori, aliyebuni chombo hiki jijini Florence, Italia, mnamo 1700 hivi, zilikuwa na kiunzi cha mbao, nyuzi nyembamba na sauti ndogo.

Mwaka 1825, Alpheus Babcock wa Boston, Marekani, alipata hataza ya fremu ya chuma cha kusubu ya kipande kimoja kwa piano za umbo la mstatili. Jonas Chickering, wa mji uo huo, alipata yake kwa piano ya mlalo mnamo 1843.

Ikumbukwe kwamba fremu haikusudiwi kulia, bali kutotikisika. Nyundo inapogonga uzi, nishati hupitia darajani hadi kwenye ubao wa sauti, ambao ndio unaotikisa hewa. Iwapo ncha ya uzi iliyo upande wa mpigaji imelegea, sehemu ya nishati hiyo hupotelea huko bure na noti hufa mapema.

Noti za juu ndizo huathirika zaidi, maana nyuzi zake ni fupi na hubeba nishati kidogo. Kwa sababu hiyo aghalabu hupitishwa chini ya upau mzito wa chuma. Upau huo ukichimbika kwa kusuguana na nyuzi miaka mingi, noti huanza kuvuma kama nyuki.

Hata hivyo, ugumu nao una gharama yake. Daraja na ubao vikipokea nishati upesi, sauti huwa kubwa lakini fupi. Vikiikataa, hudumu lakini hafifu.

Kila kiwanda huchagua njia yake. Steinway & Sons hukunja matabaka ya mbao ngumu kuwa ubavu mmoja mzito, mbinu iliyopewa hataza mwaka 1880. Bösendorfer ya Austria hutumia mbao za jamii ya msonobari hata ubavuni, ili mwili wote ushiriki kulia. Si haki kusema mmoja wao amekosea. Masikio ndiyo hutofautiana.

Aidha, si kila sauti inayokufa upesi ni kosa la chuma. Mwaka 1977 mwanafizikia Gabriel Weinreich alieleza kwamba nyuzi tatu za noti moja huanza kwa kutikisika pamoja na kumwaga nishati haraka, kisha tofauti ndogo baina yake huzifanya zipingane, na kilichosalia huvuja polepole. Basi fundi anayekaza nyuzi naye ana mkono wake katika udumifu huo.

Vigingi vya kukazia vilivyolegea hurekebishika. Ufa katika fremu ni jambo jingine: chuma cha kusubu ni kigumu kuchomelea, na mara nyingi gharama hupita thamani ya piano yenyewe. Mnunuzi na amulike kwa tochi mbavu zote za fremu, hasa karibu na boliti, kabla ya kutoa pesa.