Ugumu na Ushupavu: Majina Mawili ya Chuma cha Sime

Katika rasimu moja ya istilahi za ufundi wa metali iliyopata kupita mikononi mwangu, neno ugumu lilitumika kwa sifa mbili ambazo mhunzi hazichanganyi kamwe. Ya kwanza ni ile ya chuma kukataa kukwaruzwa na kubonyea; ya pili ni ile ya chuma kupigwa kwa kishindo kisivunjike. Mwanafunzi wa ufundi akielezwa kwamba kisu cha kazi nzito chataka chuma kigumu, bila kuambiwa zaidi, huenda akachagua kile kitakachomkatikia mkononi. Yafaa basi tuangalie jinsi sifa hizi zilivyojulikana kwetu kabla ya kupewa majina.

Naanza Malambo, katika Wilaya ya Ngorongoro, nchi ya Wamasai wanaopakana na Wasonjo. Mchungaji wa huko hachukui sime kwa pambo tu. Sime, au olalem kwa Kimasai, hukata matawi ya miiba ya kuzungushia boma, huchinja, na zamani ilikuwa silaha ya vita. Ubapa wake hupanuka kuelekea ncha, uzito ukawa mbele, hata pigo lake likafanana na la shoka kuliko la kisu. Siku hizi chuma chake aghalabu hutoka katika springi za gari au tupa kuukuu.

Mzee mmoja alinionyesha sime zake mbili. Ile ya tupa ilikuwa imepungua urefu, kwa kuwa ncha yake ilikatika alipopiga kigogo kikavu cha mgunga. Ile ya springi ilihitaji kunolewa mara kwa mara, lakini ilikuwa nzima. Ya kwanza, alieleza, hukata. Ya pili huvumilia. Sikuona haja ya kumwuliza zaidi.

Sababu yake yajulikana. Chuma cha pua ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Chuma cha tupa huwa na kaboni ya asilimia 1 hadi 1.3 hivi, na hukazwa kwa kutumbukizwa majini au katika mafuta kikiwa chekundu, kwa maana kazi yake ni kula chuma kingine. Springi huwa na kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65 hivi, na baada ya kukazwa hupashwa moto tena, maana kazi yake ni kubeba gari juu ya mawe bila kukatika. Lakini kaboni peke yake haiamui yote. Tupa ileile ikipashwa moto tena hata rangi yake igeuke samawati, hupoteza sehemu ya ugumu wake na kuacha wepesi wa kuvunjika. Kwa hiyo anayelinganisha vyuma vya visu kwa majina yake tu, bila kuuliza vilipikwaje, amelinganisha nusu ya jambo.

Kwa nini basi maarifa haya hayakutuachia istilahi? Kwa sehemu, naona, ni kwa sababu ya nafasi ya mhunzi. Merker mwaka 1904 na Hollis mwaka 1905 waliandika kwamba wahunzi wa Kimasai, Ilkunono, walitengwa na wenzao: hawakuoana nao, na aliyepokea silaha mpya kutoka kwao alijipaka mafuta mikononi kwanza. Miongoni mwa Wasonjo nako wahunzi, Waturi, walikuwa kundi la peke yao, kama Robert Gray alivyoeleza mwaka 1963. Aliyeijua tabia ya chuma hakuketi na waliokitumia, na lugha ya kazi yake ikabaki penye mivukuto.

Wala haikuwa elimu duni. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za Wahaya wa Kagera, ambao tanuri zao zilipata kutoa chuma chenye kaboni, yaani pua. Donge lililotoka tanurini halikuwa na kaboni sawasawa kila mahali, na kazi ya kulisawazisha ilikuwa ya nyundo.

Pwani ndiko tunakokuta msaada. Watu wa pwani walikuwa na neno feleji kwa pua iliyo bora, hasa ya panga ndefu. La thamani zaidi kwetu ni usemi wa kutia shoka pua: kuunga ukingo wa pua katika mwili wa chuma laini. Ukingo hushika makali. Mwili hupokea kishindo. Aliyeutunga usemi huu alikwisha kuzitenga sifa mbili, ingawa hakuzipa majina ya nomino kama tutakavyo sisi.

Ulaya nako vipimo viwili vilizaliwa karibu pamoja. Mwaka 1900 Brinell wa Sweden alionyesha kipimo chake cha kukandamiza tufe gumu juu ya chuma na kupima alama lililoacha. Mwaka 1901 Charpy wa Ufaransa alieleza kipimo cha nyundo inayoning'inia, ambayo huvunja kipande chenye mkato, kisha ikahesabiwa nguvu iliyotumika. Vipimo viwili haviwezi kuandikwa kwa jina moja.

Ugumu, basi, ubaki kwa kipimo cha Brinell. Kwa kile cha Charpy nimepima maneno kadhaa. Uvumilivu, neno la mzee wa Malambo, lapendeza, ila litahitajika kwa chuma kinachopindwa mara elfu kisichoke. Unyumbufu ni kupindika na kurudi. Uimara ni wa jumla mno. Nashauri ushupavu. Nimekwisha kusikia pingamizi kwamba ushupavu ni tabia ya mtu, tena wakati mwingine ni ukaidi. Lakini hata makali twasema hulala, wala hatuoni ajabu.

Limebaki lile tendo la kukipasha chuma moto tena kwa kiasi. Rasimu iliandika kulainisha, jambo linalomwogopesha fundi, kwa kuwa chuma kilicholainika hakishiki makali. Kitenzi kushupaza kimo tayari katika lugha, nacho kinataja kile hasa ambacho moto wa pili unakifanya.