Robo Inchi Mbili Zisizopatana

Vijana wenzangu, historia tuliyofundishwa darasani ilikuwa ya magavana, vita na mikataba. Historia ya nati hatukufundishwa. Lakini pita kwenye gereji za Tandika, au kata vichochoro vya Kinondoni wanakochora mabango ya saluni, utawakuta Mwingereza na Mmarekani wangali wanabishana mpaka leo, tena ndani ya kipande cha shaba kisichojaza kiganja.

Ugomvi wao niliuona Temeke. Jirani yangu mmoja ni mchoraji. Shemeji yake alimletea kutoka Marekani brashi ya upepo, kile kidude kinachoshikwa kama kalamu. Ukikibonyeza kinatoa upepo, ukivuta kidole nyuma kinatoa rangi. Ndicho kinacholainisha kivuli shavuni mwa sura iliyochorwa kwenye ubavu wa basi, kazi ambayo brashi ya manyoya huiweza kwa taabu. Mshikaji alikuwa ameshachukua advansi ya kuchora basi dogo, na advansi yenyewe ilishageuka unga na kodi ya chumba. Mpira wa upepo ulipatana na brashi kwa kuwa vilitoka pamoja. Kompresa ya kuazima, iliyotengenezwa China, ilikuwepo. Mwisho wa mpira umeandikwa robo inchi, mdomo wa kompresa nao robo inchi. Akazungusha. Mizunguko miwili, ikakwama. Akaongeza spana, upepo ukavuja unalia kama nyoka.

Hapo ndipo historia inapoanza, ndugu msomaji.

Kwanza, hiyo robo inchi si robo. Ukipima kwa nje tredi ya bomba ya robo inchi ya Kiingereza utapata zaidi kidogo ya milimita 13, yaani zaidi ya nusu inchi. Jina lilitokana na tundu la bomba la zamani. Mabomba yakabadilika, jina likabaki. Pili, robo ziko mbili. Kabla ya mwaka 1841 karakana za Uingereza zilikuwa na tredi za kila namna, kila fundi na zake. Mwaka huo Joseph Whitworth wa Manchester akapendekeza tredi moja ya kutumiwa na wote, yenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864, kule Philadelphia, William Sellers akapendekeza ya Kimarekani, nyuzi 60, kwa hoja kwamba ni rahisi zaidi kuchonga. Tredi za mabomba zikafuata baba zao. Robo ya Kiingereza ina meno 19 katika inchi moja, robo ya Kimarekani ina 18. Jino moja tu! Ndiyo maana zinaumana mizunguko miwili, halafu zinakataana.

Vita Kuu ya Pili iliwaumbua. Wakubwa hawa wawili walipigana upande mmoja, lakini bolti za huyu hazikuingia kwenye nati za yule. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana tredi moja ya bolti. Mabomba hayakuguswa. Sisi tukiwa chini ya Mwingereza tulifungiwa mabomba ya Kiingereza, na hadi leo fundi bomba wa Mbagala anafunga robo, nusu na robo tatu za Kiingereza bila kujua kwamba anamtii Whitworth. Wachina na Wajapani nao, kwa bidhaa nyingi za upepo, wanafuata ukoo huohuo. Brashi ya upepo ndiyo mgeni: ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1870 mikononi mwa Abner Peeler wa Iowa, na kampuni kongwe za huko, kama Paasche na Badger, hadi leo zina tredi zao wenyewe kwenye brashi zao.

Linganisheni na Edward Said Tingatinga. Mwaka 1968, hapohapo Oysterbay, alianza na kipande cha ubao laini, rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli na brashi ya kawaida. Hakuhitaji ruhusa ya nati yoyote. Kijana wa leo anayetaka kuchora kwa upepo lazima kwanza asuluhishe madola mawili.

Msuluhishi yupo, bwana. Jirani yangu alikwenda Gerezani kwa fundi wa kukereza vyuma. Mzee yule hakufungua kitabu. Alizishika nati mbili, akazilaza jino kwa jino, akaziinua kwenye mwanga wa mlangoni. Palipopenya mwanga, pana ugomvi. "Hii ya Mmarekani, hii ya Mwingereza," alisema. "Usilazimishe, utaua mdomo wa kompresa ya watu." Akachonga adapta: upande huu meno 18, upande ule 19. Kisha akatoa somo. Tredi iliyochongoka huzibwa kwa tepu nyeupe ya mabomba, izungushwe kufuata upande wa kukazia. Tredi iliyonyooka huzibwa na washa, tepu haiisaidii. Kompresa hujaza hadi baa 8, brashi inataka moja au mbili, kwa hiyo weka kipunguza upepo. Na kwa joto la Pwani upepo umejaa maji. Ukibanwa unayatema, nayo hutua katikati ya mchoro. Weka kichujio. Nati iliyouma nusu, upepo ukijaa, hufyatuka kama risasi.

Basi dogo lilichorwa. Adapta ilikuwa na ukubwa wa kidole gumba.

Mkidhani ni mambo madogo, simameni kituo cha TAZARA, pale barabara ya Nyerere na ya Mandela zinapokutana. Reli ya Mjerumani, iliyoanza hapa Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina 1,067 ili ipatane na reli ya Zambia. Kwa milimita 67 tu, behewa la huku haliingii kule. Mwaka 1998 ilibidi kifunguliwe kituo cha Kidatu cha kuhamishia mizigo. Hiyo ndiyo adapta ya reli, na gharama yake si ya kidole gumba. Tangu 2024 tumeongeza reli ya tatu inayobeba abiria, milimita 1,435.

Kila mgeni aliyekuja alituachia kipimo chake, na wanaoviunganisha ni watu wenye mikono ya grisi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Mzee wa Gerezani ana elimu ya miaka mingi kichwani, na hajaandika hata ukurasa mmoja. Stika za kuchapishwa zinakula kazi za wachoraji wa mabasi, na wakerezaji nao wanazeeka. Ninyi mnaotuma mashairi ya mapenzi kila toleo, nawaheshimu. Lakini toleo lijalo, mmoja wenu achukue daftari, aende gereji ya jirani, aulize: hii tredi ni ya nani, na nani aliyekufundisha kuitambua? Halafu aandike jibu kama lilivyo.