Malungu, Chavua na Hewa ya Ufipa

Kabla majembe ya Ulaya hayajazagaa sokoni, nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, zilikuwa na viwanda vyake. Wafipa walijenga malungu, yaani tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, zilizojivutia hewa bila mivukuto. Humo mawe ya chuma yaliyeyushwa kwa makaa ya miti, na mivukuto ilitumika baadaye tu, katika tanuri ndogo ya kusafishia. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kwa kuwa ilikula miti na kutoa moshi mwingi, ni rahisi kudhani kwamba iliwaletea wakazi mafua ya mzio wa chavua. Sidhani hivyo. Miti ya miombo huchavushwa zaidi na nyuki, na chavua yake haisafiri sana kwa upepo. Moshi peke yake huumiza mapafu, lakini haumzalishii mtu mzio wa chavua isiyomfikia.

Kinachohitajika ni mti unaochavushwa kwa upepo, na Japani inatuonyesha jinsi unavyokuja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945, serikali yake ilipanda misugi, yaani mierezi ya Kijapani, kwa wingi ili kupata mbao. Mwaka 1964 madaktari wakaeleza mafua yatokanayo na chavua yake, na leo yanasumbua mamilioni. Hapo ndipo moshi wa magari unapopata kazi: huwasha njia za hewa na kuzifanya ziitikie chavua kwa ukali zaidi. Hali ya hewa nayo huongeza: siku kavu zenye upepo huisambaza, na dhoruba huweza kuipasua iwe chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu. Melbourne, Novemba 2016, dhoruba ya namna hiyo ilikuta chavua ya nyasi, watu 10 wakafa.

Atakayepinga atasema Sumbawanga, mji wa Ufipa, haina magari ya Melbourne. Ni kweli, ila ina moshi wa kuni, vumbi na mioto ya kiangazi, pamoja na nyasi tele. Mwingine atauliza kama basi tuache kupanda miti. La hasha: mikaratusi huchavushwa zaidi na wadudu, na chavua ya misindano huruka sana lakini mara chache huleta mzio. Misipresi, jamaa ya misugi, ndiyo ya kuepukwa kandokando ya shule na zahanati. Miti ya kigeni imezoeleka kuchaguliwa kwa kuni na mbao. Sasa pumzi nayo iingizwe katika hesabu, kabla mche haujachimbiwa shimo.