Mabanda ya Virgohamna

Svalbard haina mti wa kukata boriti. Zamani aliyetaka kujenga kwenye visiwa hivyo vya kaskazini ya mbali aliokota magogo yaliyosukumwa na bahari kutoka Siberia, au alikuja na mbao zake melini. Kati ya mwaka 1896 na 1909 watu wawili, kila mmoja kwa fedha za wafadhili wake, walipeleka shehena za mbao kwenye ghuba ndogo ya kisiwa cha Danskøya ili wajenge nyumba za kuhifadhia vyombo vya kuruka kwenda Ncha ya Kaskazini. Kutoka hapo hadi Nchani ni zaidi ya kilomita 1,100, zote bahari na barafu.

Ghuba hiyo haikuwa ngeni kwa kazi nzito. Katika karne ya 17 wavuvi wa nyangumi kutoka Uholanzi walipika shahamu ufukweni, wakaacha matanuri yao na makaburi ya wenzao. Mwaka 1888 Mwingereza Arnold Pike alijenga nyumba ya kulala majira ya baridi. Kisha, mwaka 1896, ikaingia meli Virgo kutoka Uswidi, na jina lake likabaki kwenye ghuba: Virgohamna.

Virgo ilimleta mhandisi Salomon August Andrée. Miongoni mwa waliomfadhili walikuwa Alfred Nobel na Mfalme Oscar wa Pili. Puto lake la hariri, Örnen, lilishonwa Paris na Henri Lachambre, na kipenyo chake kilikuwa mita 20 hivi. Kitu cha ukubwa huo, chepesi na kilichojaa hidrojeni, hakiwezi kuachwa wazi penye upepo wa bahari ya kaskazini. Lazima kizungushiwe kuta kwanza. Basi mafundi wakainua nyumba ya mbao yenye pembe nane, ndefu kwenda juu, yenye upande wa kubomolewa siku ya kuondoka. Kando yake wakaweka mtambo wa gesi: asidi ya salfa ikimwagiwa chembe za chuma hutoa hidrojeni. Nyumba ikawa tayari, puto likajaa, lakini upepo wa kusini haukuja. Andrée akarudi kwao.

Alirudi mwaka uliofuata. Tarehe 11 Julai 1897 mafundi waliuvunja ukuta, naye akapaa pamoja na Nils Strindberg na Knut Frænkel. Baada ya siku tatu puto lilikuwa limeshatua barafuni. Miili yao ilipatikana kwenye kisiwa cha Kvitøya mwaka 1930, miaka 33 baadaye. Habari hiyo imeandikwa sana. Waliopiga misumari hawakutajwa sana.

Ndiyo maana kisa cha Walter Wellman kinastahili kutazamwa upande wa useremala. Wellman alikuwa mwandishi wa habari Mmarekani, na kazi yake iligharimiwa na gazeti la Chicago Record-Herald. Mwaka 1906 alifika Virgohamna na puto lenye injini, lililoitwa America, lenye urefu wa mita 50 hivi. Nyumba ya Andrée ilikuwa ya kusimamisha tufe. Wellman alihitaji banda la kulaza kitu kirefu, pana kiasi cha kukitoa bila kukichana. Lilijengwa kwa matao ya mbao yaliyofunikwa turubai. Kiangazi cha 1906 kiliishia kwenye ujenzi, na injini zilipojaribiwa zikaharibika. Hakuna aliyeruka.

Tarehe 2 Septemba 1907, baada ya wiki nyingi za kungoja hali ya hewa, America ilitolewa bandani ikavutwa na meli hadi baharini. Ilikaa hewani saa chache, ikapigwa na dhoruba, ikashushwa juu ya barafu ya mlimani. Miaka miwili ya kazi ya mbao kwa saa chache za safari! Wellman alihesabu safari. Anayepima jasho atahesabu matao.

Wageni walipoondoka, mtu alibaki kulinda. Mmoja wa walinzi hao alikuwa Paul Bjørvig, Mnorwei aliyewahi kumtumikia Wellman kwenye visiwa vya Franz Josef majira ya baridi ya 1898 na 1899. Huko mwenzake Bernt Bentsen alifariki, na Bjørvig akaishi na maiti kibandani ili dubu wasiifikie. Mtu huyohuyo alikubali tena kukaa Virgohamna, katika giza la miezi, akilinda mali ya mwingine. Huko nako mwenzake alikufa maji. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna aliyelilipia banda lile kwa bei kubwa kuliko Bjørvig.

Upepo haukujali ulinzi. Wellman aliporudi mwaka 1909 alikuta dhoruba imeliangusha banda, ikabidi lijengwe upya. Tarehe 15 Agosti America ikaruka tena, ikiburuta mrija mrefu wa ngozi uliojazwa vyakula na vifaa, ambao uzito wake ulizuia chombo kupanda ovyo. Mrija ukakatika, chombo kikafyatuka juu. Walipofanikiwa kukishusha, meli ya Norwei iliyoitwa Farm ikawavuta kurudi. Majuma machache baadaye Frederick Cook, kisha Robert Peary, walitangaza kwamba wamefika Nchani kwa miguu na mbwa. Wellman akaachana na Svalbard.

Leo Virgohamna ni eneo la urithi linalolindwa. Hakuna anayeruhusiwa kushuka bila kibali cha Gavana wa Svalbard, kwa kuwa mbao za banda, mapipa yenye kutu na mabaki ya mitambo ya gesi yamelala karibu na matanuri ya wavuvi, na hatua moja inaweza kuvunja kitu cha karne nyingine.

Baada ya Wellman, Roald Amundsen, Lincoln Ellsworth na Umberto Nobile walipotaka kuruka hadi Nchani kwa Norge, puto lao lenye injini, mwaka 1926, banda lao lilijengwa Ny-Ålesund, kusini ya hapo, penye mgodi wa makaa ya mawe, gati na wafanyakazi wakaazi. Kuta zake za mbao na turubai, zisizo na paa, zilipanda kiasi cha mita 30. Tofauti kubwa na mabanda ya Virgohamna ilikuwa kalenda: mafundi walifanya kazi majira ya baridi ya 1925 na 1926, gizani na kwenye theluji, hivyo chombo kilipofika Mei kilikuta banda linakisubiri. Norge iliondoka tarehe 11 Mei, na baada ya saa 16 hivi ilikuwa juu ya Ncha.