Kiongozi Hatokewi na Maono

Katika semina za uongozi zinazoendeshwa kwa Kiswahili, katika matangazo ya kazi na katika hotuba za kuwaaga wakurugenzi, limeshika mizizi jina "kiongozi mwenye maono". Limekubalika upesi mno, hata anayelihoji huonekana ametafuta ugomvi. Nalihoji hata hivyo, na si kwa sababu halieleweki. Dhana yenyewe haimsumbui msomaji: ni mtu anayeitazama hali ya leo, akapambanua inakoelekea, akachagua pa kufika, kisha akawavuta wengine waandamane naye. Ubaya wa jina hili ni kwamba linamvisha mtu huyo kanzu ya nabii, na kwa kufanya hivyo linaifunga milango ya darasa ambalo limekuja kulifungua. Jina ninalolitetea ni "mwonambali", na sifa yake ni "uonambali".

Tuanze na kitenzi "ona", mzazi wa ukoo mkubwa. Kimezaa "maoni", ambayo kila mtu anayo na kila gazeti lina ukurasa wake. Kimezaa "mwono", "uoni", "onyesho" na "onyo". Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa "kuonya" asili yake ni kumfanya mtu aone. Anayekuonya ameona kitu kabla yako, naye anakuazima macho. Kisha kikazaa "maono", yanayotofautiana na "maoni" kwa irabu moja tu, lakini tabia zao haziko pamoja. Maoni mtu huyatoa. Maono humjia. Sikiliza vitenzi vinavyofuatana na neno hili: maono huja, hushuka, humtokea mtu, naye hutokewa, huonyeshwa, hufunuliwa. Ndiyo maana watafsiri wa Biblia walilitumia bila kusita kufungulia kitabu cha Isaya, na katika mlango wa 2 wa Habakuki, ambao wahubiri wa uongozi hawaumalizi, wakachukua ndugu yake, "njozi". Walipatia kabisa. Nabii hatafuti anachokiona, wala haombwi hesabu ya namna alivyokipata. Neno hilo mahali pake halina kasoro. Waliolikosea adabu ni waliolitoa madhabahuni wakalipeleka kwenye ukumbi wa mikutano.

Madhara yake si ya kisarufi tu. Mtu anapoandika somo la kukuza fikra na tabia za kiongozi wa namna hii, anaahidi kwamba jambo hilo linajifunzika. Sasa maono yanajifunzwaje? Ukilishika neno kwa uzito wake, jibu ni kwamba hayajifunzwi. Aliyepewa kapewa, na asiyepewa asubiri zamu yake. Somo linabaki kuwa la kupandishana mori, na washiriki wanarudi nyumbani na cheti na mshawasha wa siku mbili. Lakini sema "kuona mbali", msemo ambao hakuna kamati iliyouunda, na mara moja kazi inaonekana. Kuona ni tendo la mwenye macho. Mtu huona zaidi akisogea, akiuliza, akilinganisha, akirudia kutazama. "Yule anaona mbali," husema watu wakimsifu mkulima aliyeweka akiba ya mbegu au mzazi aliyenunua kiwanja kabla ya barabara kufika, na hakuna anayedhani mkulima huyo alitokewa usiku.

Wangari Maathai ni ushahidi unaotosha. Mwaka 1977, akiwa katika baraza la kitaifa la wanawake wa Kenya, alianza na miche saba iliyopandwa Kamukunji, Nairobi. Vuguvugu lililotokana nayo lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30 alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Wengi humwita mwenye maono. Ukiifuata kazi yake, utakuta mwanasayansi wa anatomia ya wanyama aliyewasikiliza wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na chakula, akayaunganisha malalamiko hayo na misitu iliyofyekwa. Hakuona kitu ambacho wengine hawakuwa na macho ya kukiona. Alikiunganisha, akaona kinakokwenda, akaanza na kitu ambacho mama wa kijijini angekiweza kwa mikono yake. Kisha akaonya: mwaka 1989 alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, akatukanwa, na jengo halikujengwa. Kusikiliza, kuunganisha, kuanza padogo na kuonya ni tabia, na tabia hufundishika.

Mfano wa pili unagusa sifa ambayo neno "maono" haliikubali kamwe, nayo ni kukosea. Maono ni ya kweli au ya uongo. Nabii aliyekosea si nabii. Julius Nyerere aliona mbali katika mambo mengi, na lugha tunayobishania leo ni moja ya hayo. Lakini serikali yake ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na mwaka 1984, akiwa bado madarakani, alikiri kwamba kama angeanza upya asingeyafanya hayo mawili. Kwa msamiati wa maono, kukiri huko ni kuanguka. Kwa msamiati wa kuona mbali, ni sehemu ya kazi: aliyetazama vibaya hutazama tena. Mwaka uliofuata aling'atuka, kwa neno alilolichota katika Kizanaki na kuwapa Waswahili wote, nalo likakaa bila kubishiwa.

Wapinzani wangu wengine hawang'ang'anii "maono". Wana vipenzi vyao. Wapo wa "ruwaza", walioshinda Kenya, ambako mpango mkuu uliozinduliwa mwaka 2008 hujulikana kama Ruwaza ya 2030. Ruwaza ni kielelezo cha kuigwa, na wanaisimu huitumia kwa mpangilio unaojirudia. Mtu mwenye ruwaza, basi, ni mtu mwenye kigezo cha kunakili, ambacho ndicho kinyume hasa cha tunayemtafuta. Wapo pia wa "dira", nao ni wazito, kwa kuwa Tanzania imeandika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 na sasa ya 2050, na Zanzibar ina zake. Neno hili ni zuri. Mabaharia wa Kiarabu, akiwamo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, waliiita dira hata njia yenyewe ya safari, na shina lake la kuzunguka ndilo lililotupa duara, idara na yule mudiri wa enzi za masultani. Nasikia raha kuona kwamba dira na idara ni binamu, ingawa siku hizi hawatembeleani. Lakini dira ni chombo. Nchi inaweza kuwa nayo, chama kinaweza kuichapa kwa rangi na kuigawa bure, na bado aliyeishika asijue mwamba uko wapi. Kwa hati, dira inatosha na hakuna haja ya kuigusa. Kwa sifa ya mtu, haitoshi.

Waarabu wenyewe wamekuwa makini kuliko sisi. Katika shina moja la kuona wana maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti: moja la ndoto anayoiona aliyelala, jingine la kuona kwa jicho lililo wazi. Hilo la pili ndilo linalotumika kwa kuonekana kwa mwezi wa Ramadhani, jambo linalodai shahidi, na ndilo Oman iliyolichagua kuipa jina mipango yake ya 2040. Walipewa nafasi ya kuita mpango wa taifa ndoto, wakaikataa. Sisi tuna "ndoto", "njozi" na "maono" upande mmoja, na "kuona mbali" upande wa pili, na kamati zetu, baada ya posho na maandazi, zikachagua upande wa kitanda.

Naambiwa "mwonambali" ni neno la kuunga kwa gundi. Sivyo. Kiswahili huunda watu hivi tangu zamani: mwenda pole, mcheza kwao, mtaka cha mvunguni wamo katika methali, mpigakura na mlalahoi wamo katika magazeti. Sikukata vipande vya maneno mawili na kuvishona, kama walivyofanya waliotuletea "tarakilishi" kutoka tarakimu na akili, ambayo bado inaomba njia mbele ya "kompyuta". Naambiwa tena kwamba kuona mbali ni ugonjwa wa macho. Mgonjwa huyo hamlalamikii daktari kwamba anaona mbali. Analalamika kwamba haoni karibu, na kwa lugha yetu jina la ugonjwa lingefuata lalamiko. Pingamizi lenye uzito ni moja: kwamba kuona peke yake hakuwasogezi watu, na kwamba tunayemzungumzia lazima pia awavute. Ni kweli, na ndiyo sababu jina kamili lina neno "kiongozi" mbele yake. "Ongoza" limetokana na "ongoa", kumweka mtu kwenye njia iliyonyooka. Nusu ya kwanza inavuta, nusu ya pili inaona. Hakuna haja ya kulitwika neno moja mizigo yote miwili.

Matumizi hayana fumbo: kiongozi mwonambali, viongozi waonambali, uonambali wao.

Linabaki dai kwamba "maono" limekwisha kuenea na haliwezi kurudishwa. Mtaani sina ubishi nalo, na sitamsahihisha mtu katika daladala. Lakini mitaala ya uongozi ingali inatafsiriwa, na anayeitafsiri bado hajachelewa. Namwomba aliyekaa na rasimu mezani ajaribu kuandika zoezi moja la kumfundisha mtu kuwa na maono, kisha jingine la kumfundisha kuona mbali, atupe lile linaloshindikana. Na wale wanaolicheka "mwonambali" katika korido za vikao walete neno lao hadharani, pamoja na sababu.