Kondoo Mkongwe na Mifupa ya Binadamu

Kansay, kata ya Wilaya ya Karatu, imo katika nchi ya Wairaqw, watu walimao na kufuga pamoja. Ujirani wa binadamu na kondoo katika nyanda zile ni wa kale mno. Huko Luxmanda, katika uwanda wa juu wa Mbulu, wachimbuzi wa mambo ya kale, miongoni mwao Watanzania Audax Mabulla na Agness Gidna, walifukua makazi ya wafugaji walioishi yapata miaka 3,000 iliyopita, wakaikuta mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hapana mchungaji wa zama zile aliyeweza kudhani kuwa mfupa wa kondoo jike aliyezeeka ungetumiwa siku moja kuuelewa mfupa wa ajuza.

Ajuza akijikwaa kizingitini akavunjika nyonga, jamaa zake hukilaumu kizingiti. Aghalabu kosa limo ndani ya mfupa wenyewe. Mwaka 1941 Fuller Albright, tabibu wa Boston, alieleza kwamba mifupa ya wanawake hupungua baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa mwili umepungukiwa na estrojeni. Tiba zikatafutwa, na mojawapo ilikuwa ya ajabu: floridi, kitu ambacho katika nchi nyingine kilikuwa kikijulikana kwa madhara yake.

Volkano ya Laki ilipolipuka huko Aislandi mwaka 1783, floridi ilitua juu ya majani, na karibu asilimia 80 ya kondoo wa kisiwa wakafa kwa sumu na njaa. Mchungaji wa kanisa Jón Steingrímsson aliandika jinsi mifupa ya wanyama ilivyoota vinundu. Kaskazini mwa Tanzania hapakuhitajika mlipuko. Maji yatokayo Mlima Meru, kama ya mto wa Maji ya Chai, hubeba floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kupikia huongeza. Meno hugeuka rangi, na miguu ya watoto wengine hupinda.

Hata hivyo floridi huunenepesha mfupa, na hilo liliwavuta matabibu. Mwaka 1990 Lawrence Riggs na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya majaribio ya miaka 4 kwa wanawake 202. Uzito wa mifupa ya uti wa mgongo ulipanda kwa asilimia 35, walakini mivunjiko ya mgongo haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na mivunjiko ya mahali pengine mwilini ilizidi. Basi mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaelekeza kwamba dawa ya mifupa ijaribiwe kwanza kwa panya na kwa mnyama mkubwa, na nguvu ya mfupa ipimwe, si uzito tu.

Hapo kondoo akapata cheo asichokiomba. Mfupa wa panya haubomolewi na kujengwa upya kwa ndani kama ufanyavyo wa mtu. Wa kondoo mzee hufanya hivyo, na uzito wa mwili wake hukaribia wa mwanamke. Lakini mfano huu una kasoro zake. Kondoo jike hafikii ukomo wa hedhi kama mwanamke. Sharti aondolewe ovari kwa kisu, na hata baada ya hapo mfupa wake hupungua kidogo tu, hata wataalamu wengine humwongezea dawa za steroidi na kumpunguzia chokaa katika chakula. Dawa za kumeza nazo huweza kuharibiwa tumboni mwake, mnyama huyu akiwa mcheuaji. Tena katika nchi za baridi mfupa wake hupungua kipupwe na kuongezeka kiangazi, na mpimaji asiyekumbuka mwezi aliouanzia kazi huweza kuisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na jua. Huenda kondoo wa Kansay, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, angekuwa shahidi mwaminifu zaidi. Lakini maabara zilijengwa kwingine.